Pingili Moja

Daftari linasema mia moja arobaini na nne.
Nilihesabu kutoka mlangoni: mia moja arobaini na tatu.
Nikahesabu kutoka ukutani, kinyumenyume,
kama mtu aliyeangusha sindano na sasa anarudisha nyayo.
Mia moja arobaini na tatu.

Nyumba yetu ya kioo, nje kidogo ya Amukura,
ina milango miwili isiyowahi kuonana wazi:
wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguke.
Katikati pana beseni la dawa. Tunakanyaga,
tunaingia na soli zinazonuka hospitali.
Wavu ni mwembamba, inzi mweupe hapenyi.
Maji tuliyonawia hayaendi mtaroni
mpaka yachemshwe, yasahau yalichogusa.
Yote haya niliyaandika mimi, kurasa thelathini na moja,
nikaziba kila tundu nililoweza kuliwaza.
Mfuko wa suruali sikuuwaza.

"Ekirapa, ya mstari wa saba iko wapi?"
"Ilioza."
"Iliandikwa?"
Akatazama beseni.

Muhogo, jamani, haungoji mbegu.
Pingili ya shibiri moja, macho matatu,
ichomeke ardhini hata kichwa chini,
mvua ya Aprili haitaiuliza kibali.

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi na mfuko.
Nyuma ya jiko la mama yake, Imaloi,
mihogo ilikuwa imejikunyata kwa batobato,
majani ya manjano, yamepinda kama vidole vya baridi.
Aling'oa mmoja anionyeshe, akaukata kwa panga:
ndani umeungua, na hakuna aliyeuwashia moto.
Na katikati yao, mmoja,
kijani kibichi, hauna deni na mtu,
na lebo yetu shingoni, imefungwa upya kwa uzi.
"Nilidhani ni hirizi yake," alisema. "Sikuitoa."

Akaniuliza kama una sumu.
Mama, sijui kwamba unayo.
Sijui pia kwamba hauna.
Nimeajiriwa kulinda huko kutojua,
kusitoke nje kabla hakujawa kujua.

"Mwaka wa tatu huu nasonga atap ya mtama mtupu,"
alisema, bila kupaza sauti,
"na mzima mnao, mmeufungia kwenye kioo."

Kwetu Butula pia mama hukata, huonja, hutupa nusu.
Hilo sikulisema. Nilivaa glavu.

Tuling'oa. Tukachekecha udongo hadi kina cha kiwiko,
tukaokota mizizi myembamba kama nywele za mtoto,
na majani yaliyoanguka, sita.
Mfuko ndani ya mfuko. Ekirapa aliubeba
na hakumwaga mama yake.
Jioni tanuri likala, likarudisha jivu la kujaza kikombe.

Kwenye fomu, penye "sababu ya kutoka kizuizini",
niliandika: njaa.
Nikaikata. Nikaandika: upungufu wa upekuzi.
Lakini kanuni ni yangu mwenyewe, ukurasa wa tisa:
hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe,
piga mstari mmoja tu, ili kilichokatwa kisomeke.
Basi kinasomeka.

Ekirapa sasa yuko getini, mbali na funguo.
Upekuzi umeanza, na mifuko ya kwanza kukung'utwa ni yangu.

Nilimweleza Imaloi sharti lililobaki:
pale shimoni hapapandwi kitu mwaka mzima,
nami nitakuja kila mwezi kutazama
kama kuna jicho lililosahauliwa, likachipua.

"Kila mwezi?"
Alinipima kutoka viatu hadi miwani.
"Basi ukija, uje na jembe.
Palizi haingoji serikali."

Juzi ilikuwa mara ya nne.
Shimo, hakuna kitu. Nimeandika: hakuna kitu.
Kisha nikapalilia mistari miwili,
nikakung'uta viatu mpakani mwa shamba lake,
mara mbili, kwa mazoea,
nisijue ni upande gani ninaoukinga.